Kusikilizana Kabla ya Kuamua: Umoja na Tofauti za Kisiasa katika Historia ya Karatu na Ngorongoro

1. Utangulizi

Makala hii inakusudia kuitazama historia ya nyanda za juu za Karatu na Ngorongoro kwa kuongozwa na swali moja: watu wanaotofautiana katika mambo ya siasa huwezaje kubaki watu wa nchi moja, na mara nyingi washarika wa usharika mmoja? Swali hili si geni kwa watumishi wa Mungu, ila lilipata uzito mpya baada ya uchaguzi mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025, ambapo watu walipoteza maisha katika miji kadhaa ya nchi yetu. Wachungaji wengi walisimama madhabahuni mbele ya watu wenye majonzi, hofu na hasira, wala si wote waliomkasirikia mtu yuleyule.

Tumechagua Karatu na Ngorongoro kwa sababu mbili. Kwanza, wilaya hizi ni jirani, nazo zinategemeana, lakini siasa zao hazikufuata njia moja. Karatu ilijulikana kwa muda wa miaka 25 kuwa ngome ya upinzani, hali Ngorongoro ilijulikana kwa mgogoro wa ardhi na uhifadhi. Pili, sehemu zote mbili zinatupa mifano ya wazi ya kusikilizana na ya kutokusikilizana, nayo matunda yake yanaonekana. Hoja yetu ni kwamba, katika historia hii, umoja haukuvunjwa na tofauti za maoni. Ulivunjwa kila mara upande mmoja ulipodhani kwamba unajua tayari jibu la mwenzake, kwa hiyo hauna haja ya kumwuliza.

2. Nchi na watu wake

Mtu atokaye Arusha akapita Makuyuni na Mto wa Mbu hupanda ukingo wa Bonde la Ufa na kuingia Karatu, nchi ya mashamba ya ngano, mahindi na kahawa. Akiendelea mbele kidogo hufika lango la Loduare, na hapo huingia nchi ya malisho na msitu inayosimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, yenye eneo la kilomita za mraba 8,292. Upande wa kusini-magharibi liko bonde la Ziwa Eyasi. Katika eneo hili moja hukaa Wairaqw wenye lugha ya Kikushi, Wadatoga na Wamaasai wenye lugha za Kiniloti, Wahadzabe wenye lugha isiyofanana na yoyote kati ya hizo, na Wabantu wa makabila mengi waliokuja kulima, kufanya biashara na kuajiriwa.

Historia haimpi mmoja wao nafasi ya kusema kwamba nchi ni yake peke yake. Kabla ya Wamaasai, kreta ya Ngorongoro ilikuwa mikononi mwa Wadatoga, ambao walishindwa vitani katika karne ya 19. Na katika msitu wa Lerai, chini kabisa ya kreta, liko kaburi la mkuu wao ambalo Wadatoga wameendelea kuliheshimu. Miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wa Wamaasai, na njaa na ndui vikaua watu. Baadaye, wakati wa utawala wa Waingereza, Wairaqw waliokuwa wamebanana katika milima ya Mama Issara huko Mbulu walisambaa kuelekea kaskazini na kulima Karatu. Walowezi wa Kizungu nao walichukua mashamba ya kahawa huko Oldeani. Kwa hiyo kila aliyepo alimkuta mwingine, au alikutwa na mwingine.

Maisha ya kila siku yamewafunga pamoja watu hawa. Mfugaji wa Endulen au Nainokanoka hununua mahindi yaliyolimwa Karatu, na mkulima wa Karatu hununua mbuzi na ng'ombe mnadani kutoka kwa mfugaji. Kila jamii pia ilikuwa na utaratibu wake wa kusikilizana. Wamaasai wana baraza lao, enkiguena, ambapo jambo hujadiliwa mpaka wazee waridhike. Wairaqw wana slufay, yaani maneno marefu ya baraka na maombi ambayo mzee huyatamka huku wengine wakiitikia. Katika mabaraza ya namna hii uamuzi ulikuja mwishoni, baada ya maneno. Yafaa tukumbuke hilo tunapoendelea.

3. Mapatano ya 1958 na yaliyofuata

Serengeti ilipofanywa kuwa hifadhi ya taifa, mipaka yake iliingiza pia nyanda za juu za Ngorongoro, na Wamaasai walikuwa wakiishi humo. Ugomvi ukatokea kati ya serikali ya kikoloni, wapenzi wa wanyama wa porini huko Ulaya na wafugaji wenyewe. Mwaka 1957 serikali iliunda kamati ya uchunguzi. Mwaka 1958 wazee wa Kimaasai waliweka alama zao kwenye mapatano ya kuhama sehemu ya magharibi ya Serengeti, nao wakaahidiwa kwamba wataendelea kuishi Ngorongoro. Mwaka 1959 sheria ilitenga maeneo hayo mawili: Serengeti ikawa ya wanyama, na Ngorongoro ikawa eneo ambamo watu, mifugo na wanyama wa porini wangeishi pamoja. Mwaka huohuo Gavana Richard Turnbull aliliambia baraza la Wamaasai kwamba iwapo masilahi ya wanyama na ya watu wa Ngorongoro yatagongana, ya watu ndiyo yatakayotangulia.

Wanahistoria wamebishana kama wazee wale walielewa kikamilifu maana ya waraka ule, ulioandikwa kwa lugha isiyo yao. Lakini hata tukiuhesabu kuwa mapatano ya haki, yaliyofuata yanafundisha. Chombo cha kwanza cha kusimamia eneo kilikuwa na wajumbe wa Kimaasai, lakini hakikudumu, na mamlaka yakabaki kwa watumishi wa serikali. Mwaka 1974 kaya zilizokuwa ndani ya kreta ziliondolewa. Mwaka 1975 kilimo kilikatazwa katika eneo lote. Mwaka 1979 UNESCO iliiandika Ngorongoro katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka 1992 Waziri Mkuu John Malecela, baada ya kuona njaa ya watu, aliruhusu bustani ndogo. Baadaye ruhusa hiyo nayo iliondolewa.

Hatusemi kwamba serikali haikuwa na sababu. Idadi ya watu, iliyokuwa kama 8,000 wakati sheria inatungwa, ilipita 100,000 katika karne hii, na hofu ya wahifadhi juu ya malisho, maji na wanyama si ya kubuni. Tunachosema ni kwamba tangu 1959 wakazi waliisikia habari ya maisha yao mara nyingi kama tangazo, na mara chache kama swali. Ahadi isiyokuwa na baraza la kuisimamia hubaki kuwa karatasi.

4. Uchaguzi wa Mbulu, 1960

Tukigeukia upande wa Karatu, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Mbulu, tunakuta jambo ambalo wanafunzi wetu wengi hawalijui. Katika uchaguzi wa 1960, uliotangulia Uhuru, TANU ilipata viti 70 kati ya 71 vya Baraza la Kutunga Sheria. Kiti kimoja tu hakikwenda kwa mgombea rasmi wa chama, nacho kilikuwa cha Mbulu. Chama kilimsimamisha Chifu Amri Dodo; wapiga kura wakamchagua Herman Sarwatt, aliyesimama kama mgombea binafsi.

Lililo muhimu ni kwamba Sarwatt alikuwa mwanachama wa TANU. Watu wa Mbulu hawakuukataa Uhuru, wala hawakumkataa Julius Nyerere. Waliipokea safari, ila walitaka kumchagua wenyewe mtu wa kusafiri naye. Aliyesoma matokeo yale kama uasi alikosea, na aliyeyasoma kama ajali tu alikosea pia.

Baada ya nchi kuingia katika mfumo wa chama kimoja mwaka 1965, kila jimbo liliwekewa utaratibu wa wagombea wawili wa TANU, na katika uchaguzi wa mwaka huo baadhi ya mawaziri walishindwa. Viongozi walitambua kwamba hata ndani ya nyumba moja watu wanataka kuulizwa. Mlango huo haukuwa mpana, kwa kuwa majina yalichujwa juu kabla ya kuwafikia wananchi. Lakini ulikuwa mlango.

5. Tume ya Nyalali na sauti ya wachache

Mwezi Februari 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ili iwaulize wananchi kama wanataka kuendelea na chama kimoja au kuwa na vyama vingi. Tume ilizunguka nchi nzima. Majibu yalikuwa wazi: asilimia 77.2 walitaka chama kimoja, na asilimia 21.5 walitaka vyama vingi. Kwa hesabu ya kawaida shauri lingekuwa limekwisha.

Hata hivyo Tume ilipendekeza vyama vingi. Iliona kwamba wengi miongoni mwa waliotaka chama kimoja walitaka pia mabadiliko makubwa, na kwamba mtu mmoja kati ya watano si wa kupuuzwa katika nchi inayojiita ya watu wote. Ilipendekeza vilevile kwamba sheria kadhaa zinazobana haki zirekebishwe. Chama tawala kilikubali pendekezo kuhusu vyama, na tarehe 1 Julai 1992 sheria ikaanza kutumika.

Mtu aweza kuuliza kama ni haki wachache kuwashinda wengi kwa namna hiyo. Lakini Tume haikuwapa wachache utawala. Iliwapa nafasi ya kusema bila kuhesabiwa kuwa wahaini. Huo ni usikivu wa hali ya juu, na yafaa sisi tulio kanisani tuutafakari, maana mara nyingi katika vikao vyetu tunapiga kura, tunahesabu mikono, kisha tunawasahau walioshindwa. Ni kweli pia kwamba mapendekezo mengi ya Tume kuhusu sheria yalikaa miaka mingi bila kutekelezwa. Na mengi ya malalamiko yaliyosikika baadaye juu ya uchaguzi yalikuwa yamekwisha kuguswa humo.

6. Karatu, 1995 hadi 2020

Katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, mwaka 1995, Dk. Willibrod Slaa, aliyekuwa padre na Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu Katoliki, aliomba kugombea Karatu kwa tiketi ya CCM. Jina lake halikupitishwa. Akahamia CHADEMA, na wananchi wakamchagua. Tunaona hapa kisa cha 1960 kikijirudia: watu walikuwa na mtu wao, chama kikawa na wake. Tofauti ni kwamba safari hii palikuwa na chama kingine cha kumpokea. Slaa alichaguliwa tena 2000 na 2005. Mwaka 2010 aligombea urais na kupata zaidi ya robo ya kura zote za nchi, na Karatu ikamchagua mchungaji wa Kilutheri, Israel Natse, pia wa CHADEMA. Mwaka 2015 jimbo lilibaki CHADEMA kwa Willy Qambalo. Mwaka 2020 lilirudi CCM, katika uchaguzi ambao upinzani ulikataa kuyatambua matokeo yake.

Jambo hili linatuhusu kwa karibu. Katika miaka 15 jimbo moja lilimpeleka bungeni aliyekuwa padre, kisha mchungaji. Kwa wengine ilikuwa fahari: mtu wa Mungu anasema kwa niaba ya watu. Lakini katika kila usharika wa Karatu walikuwamo pia washarika wa CCM, wenye imani ileile, wanaotoa sadaka ileile na kushiriki meza ileile ya Bwana. Je, mshariki wa namna hiyo aliweza kumwendea mchungaji wake akiwa na shida, bila kujiuliza kwanza kama atasikilizwa kama mtoto wa nyumba au kama mtu wa upande wa pili? Vivyo hivyo, je, kijana wa CHADEMA aliyeona viongozi wa dini wakikaa na viongozi wa serikali katika kila sherehe aliweza kuamini kwamba kanisa ni lake pia? Maswali haya hayajibiwi kwa kusema kwamba kanisa halina chama. Kanisa halina chama, lakini watu wake wanavyo, nao huketi katika benchi moja.

Na vyama navyo si kuta za milele. Slaa mwenyewe aliondoka CHADEMA mwaka 2015, akawa balozi nchini Sweden kwa uteuzi wa Rais John Magufuli, na mwaka 2023, baada ya kuupinga mkataba wa bandari, akakamatwa na kuvuliwa hadhi ya ubalozi. Waliogombana na jirani kwa ajili ya chama mwaka 2010 walikuta mwaka 2015 kwamba kiongozi amehama, bali jirani yupo palepale, na mpaka wa shamba ni uleule.

7. Ngorongoro, 2022 hadi 2024

Mwaka 2022 serikali ilianza mpango wa kuwahamishia wakazi wa Ngorongoro katika kijiji cha Msomera, wilayani Handeni, ikieleza kwamba ni kwa hiari. Wako waliokwenda na kujengewa nyumba na kupewa mashamba. Wako waliokataa, wakilalamika kwamba huduma za afya na elimu zinapunguzwa ili wachoke. Mwezi Juni mwaka huohuo, huko Loliondo, kazi ya kuweka mipaka ya eneo la kilomita za mraba 1,500 iliishia katika mapambano. Askari polisi mmoja aliuawa, wakazi kadhaa wakajeruhiwa, na wengi wakakimbilia Kenya. Pande zote mbili zilizika au kuuguza watu wao.

Mwezi Agosti 2024 tangazo la serikali lilifuta vijiji vya tarafa ya Ngorongoro, kata 11 kwa jumla, wakati ambapo uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa unakaribia. Kufuta kijiji ni kufuta mahali pa mtu kupigia kura, yaani kumwondolea hata nafasi ya kukataa kwa njia ya amani. Maelfu ya watu, wanawake kwa wanaume, walikusanyika kandokando ya barabara ya kwenda Serengeti kwa siku kadhaa. Tarehe 22 Agosti Mahakama Kuu Arusha ilisimamisha utekelezaji wa tangazo lile. Mara baada ya hapo ujumbe wa serikali ulifika, ukawasikiliza watu na kuwaeleza kwamba haki yao ya kupiga kura itarudishwa. Na mwezi Novemba walipiga kura. Tarehe 1 Desemba 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikutana Arusha na viongozi wa kimila wa Kimaasai, akatangaza kuunda tume mbili, moja ya kuchunguza mgogoro wa ardhi na nyingine ya kutazama utekelezaji wa mpango wa kuhama.

Mtu aweza kuwa na mashaka juu ya tume, kwa kuwa nchi yetu imeziona nyingi. Hata hivyo tazama mfuatano wa mambo: tangazo, maandamano, mahakama, ujumbe, mkutano na Rais, tume. Mkutano na tume vingetangulia, tangazo lingeandikwa kwa namna nyingine, au lisingeandikwa kabisa. Gharama ya kusikiliza mwishoni huwa kubwa kuliko gharama ya kusikiliza mwanzoni.

8. Madhabahu ya ng'ambo ya Yordani

Katika Maandiko iko habari inayofanana sana na hii, nayo huhubiriwa mara chache. Katika Yoshua 22, kabila za Reubeni, Gadi na nusu ya Manase, waliorudi kukaa ng'ambo ya Yordani, walijenga madhabahu kubwa. Waisraeli wa upande wa pili waliposikia, walikusanyika Shilo tayari kwa vita. Walikuwa na hakika kwamba ndugu zao wameasi. Lakini kabla ya kupigana walimtuma Finehasi pamoja na wakuu kumi, mmoja kwa kila kabila. Wajumbe hawakuficha shutuma yao, waliisema wazi. Kisha walinyamaza, wakasikiliza. Ndipo wakagundua kwamba madhabahu ile ilijengwa kwa kuogopa kutengwa: wale wa ng'ambo walihofu kwamba siku moja wana wao wataambiwa hawana sehemu katika Bwana. Walichokiona Waisraeli kuwa utengano kilikuwa kilio cha kutaka umoja.

Habari hii inatufundisha mambo matatu. Kwanza, ujumbe ulitumwa kabla ya vita. Pili, wajumbe walitoka kila kabila, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema baadaye kwamba hakuwakilishwa. Tatu, walikuwa tayari kurudi na jibu tofauti na lile walilokwenda nalo. Sharti hili la tatu ndilo gumu. Anayekwenda kwa wenzake akiwa na tangazo lililokwisha kupigwa mhuri hakwenda kusikiliza, bali kutoa taarifa.

Sisi Walutheri tuna msaada mwingine ulio karibu, yaani Amri ya Nane kama Martin Luther alivyoifafanua katika Katekisimo Ndogo. Luther hakuishia katika kukataza uongo. Aliagiza kwamba tumtetee jirani, tumseme vema, na kuyapokea mambo yake kwa maana iliyo njema. Watoto wetu wa kipaimara hukariri maneno haya, lakini ni mara ngapi tumeyatumia wakati wa kampeni? Kuyapokea maneno ya jirani wa chama kingine kwa maana iliyo njema si kukubaliana naye, wala si kunyamazia dhuluma. Katika Pasaka ya 2018 maaskofu wa KKKT walitoa waraka kuhusu hali ya nchi, nao ulisomwa makanisani ingawa haukuwapendeza wote serikalini. Kusema kweli na kumsikiliza jirani ni wajibu mmoja. Anayetenda mmoja bila mwingine hajaitimiza amri.

9. Hitimisho

Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Historia ya Karatu na Ngorongoro inatulazimu kuongeza kwamba mkuu naye asiyesikia la mdogo huvunjika, na mara nyingi huvunjika pamoja na nyumba nzima. Mbulu ya 1960 ilitaka kuulizwa. Karatu ya 1995 ilitaka kuulizwa. Wafugaji wa Ngorongoro wametaka kuulizwa tangu 1958. Hakuna hata mmoja kati yao aliyetaka kujitenga na Tanzania. Kama kabila za ng'ambo ya Yordani, walihofu kwamba wanahesabiwa kuwa hawana sehemu.

Kwa mchungaji anayekwenda kutumika katika sharika za namna hii, wajibu unaanza na mambo madogo. Ajue ni nani katika usharika wake hajasema neno kikaoni kwa mwaka mzima, akamtembelee. Baraza la wazee wa usharika lisiwe la watu wa upande mmoja. Ugomvi wa ardhi au wa kura unapozuka, atume wajumbe wa kila upande kabla hajapanda mimbarini. Na akienda kwa watu wa Endulen au wa Mbulumbulu kusikiliza, aende akiwa tayari kurudi na jibu ambalo hakwenda nalo.